Mnajimu wa Shangazi

Mlimani, 4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na cherehani yako hamjambo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye kucha. Koti ulilonishonea silivui, hata mezani.

Uliniuliza kazi yenyewe ni ipi, maana wateja wako wanakuhoji na wewe huna la kuwajibu. Watu hudhani tunakesha tumebandika jicho kwenye darubini. Wala! Darubini ni kubwa kama nyumba na inajiendesha yenyewe. Sisi tunaamka asubuhi kama makarani, tunagombania birika la chai, kisha tunakaa mbele ya kompyuta kusoma ilichokusanya. Mwanga wa kila nyota tunauona kama mstari. Mstari ukinyooka, hakuna habari. Jana kutwa mistari ilinyooka. Juzi vilevile. Mchana nikapanda na wenzangu kufagia vumbi, tukakuta ndege wamejenga kiota kwenye paa la darubini. Tulibishana weee kama ni haki kuwahamisha. Wapo bado.

Sasa sikia. Mwezi uliopita mstari wa nyota moja ulishuka kidogo, ukakaa chini saa kadhaa, ukapanda tena. Kidogo sana, Shangazi, kama nzi akipita mbele ya taa ya uwanja wa mpira. Huenda maana yake ni kwamba kuna dunia nyingine inazunguka nyota ile, nayo imekatiza mbele yake. Dunia ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuijua! Nilipiga kelele mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko.

Tatizo ni mzee mmoja hapa ofisini, tunamwita Bwana Hapana. Anavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kukagua na kukataa. Alitazama mstari wangu akasema, "Hapana. Vumbi." Nikamthibitishia si vumbi. "Hapana. Mashine imepata joto." Joto! Huku! Kwa hiyo usimwambie mtu bado.

Nisalimie mtaa mzima, na jirani yako Bwana Tanuri na mikate yake.

Macho Juu wako



Dukani, 15 Februari

Macho Juu mwanangu,

Marahaba. Nimeipata barua yako na nimeisoma mara nyingi, maana kwenye simu unakatikakatika kama redio mbovu, lakini barua haikatiki. Nilipokupa jina la Macho Juu ulikuwa unatembea unatazama mawingu na kutumbukia kwenye mtaro. Sikujua kwamba mtaro ule unakupeleka kazini.

Habari za ile dunia sijamwambia mtu, nife leo. Nilichosema tu ni kwamba mtoto wa kaka yangu, niliyemlea tangu meno ya utoto, sasa ni mnajimu mkubwa. Basi! Duka halipumui. Kinyozi anauliza kama mwaka huu una baraka ya kufungua duka la pili. Mama wa kona kapotelewa na kuku, anataka nyota zimwonyeshe upande alioelekea. Muuza viatu anauliza kama mkewe atajifungua mapacha, kwa sababu anasema tumbo linabishana lenyewe. Nimewaambia watulie, nitakuandikia.

Halafu kuna mteja wangu mmoja, humjui. Mwanamke mtu mzima, umri kama wangu hivi. Hakuolewa. Maisha yalimpitisha njia nyingine, alikuwa na mtoto wa kulea. Sasa mwanamume mmoja mwenye heshima zake, mjane, amemtamkia. Alikuwa anapimwa koti, mikono ameinua juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, akasema vivi hivi: "Futi yako inanijua kuliko mtu yeyote hapa mtaani. Kwa nini usinichukue moja kwa moja?" Mteja wangu akamwaga pini zote chini.

Anamtaka, nadhani. Lakini anaogopa kuchekwa. Ajuza na shela! Anauliza nyota zinasemaje. Usichelewe kujibu. Si mimi ninayeuliza, ni yeye.

Shangazi yako



Mlimani, 26 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka mpaka Bwana Hapana akaja kuuliza kama nimeingiwa na wazimu. Nikasema hapana. Akasema, "Hilo neno ni langu."

Shangazi wewe! Neno mnajimu lina watu wawili ndani yake. Kuna anayewasomea watu bahati, na kuna anayezipima nyota zenyewe. Mimi ni huyo wa pili. Nyota hazijui hata kama tupo. Mwambie kinyozi ahesabu vichwa vya mtaa kabla hajafungua duka, mama wa kona anuse masufuria ya jirani zake, na muuza viatu ampeleke mkewe kliniki. Huyo mteja wako naye, sina la kumwambia. Mapenzi siyajui. Naijua kazi yangu tu.

Na kazi yangu, kaa chini nikusimulie: amerudi! Ule mstari umeshuka tena, kina kilekile, saa zilezile. Asubuhi niliukuta kwenye kompyuta unaning'inia kama kamba ya nguo. Bwana Hapana ameutazama, akavua sweta moja. Kwake hizo ni shangwe na vigelegele. Lakini bado hajakubali. Ana kanuni yake ambayo hapa mlimani kila mtu anaiheshimu: "Akija mara moja ni upepo. Akija mara mbili ni bahati. Akija mara ya tatu, hapo umwamini. Kabla ya hapo usiseme ndiyo wala hapana. Kaa kimya usubiri."

Basi nimekaa kimya nasubiri. Kwa hesabu zangu atapita tena mwishoni mwa Machi, mawingu yakitupa nafasi. Nikilala naota mistari. Mpishi anasema nikila natafuna kama mbuzi aliyesahau anachotafuna.

Macho Juu wako



Dukani, 10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ule ushauri wa Bwana Hapana nimeufikisha kwa mteja. Ameupenda kupita kiasi. Alikuwa hajui la kusema, na sasa wasomi wamemwambia asiseme kitu! Nimpe mkono mzee yule.

Na kweli mwanamume alirudi mara ya pili. Alikuja asubuhi na mkate wa moto, akauweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akasema, "Lile swali bado lipo." Nikatazama dari. Yaani mteja akatazama dari. Akamwambia, "Kitambaa hiki kinachuja rangi." Mwanamume akafuta makombo yake mezani kwa kiganja, akaenda zake.

Kwa hiyo upepo umepita na bahati imepita, imebaki ya tatu. Ila naona siku zinakwenda na haji. Mkate siku hizi analeta yule dada wa kaunta, na ukifika umeshapoa. Si kwamba nababaishwa na mkate. Mkate ni mkate.

Hivi huyo Bwana Hapana hajasema mtu asubiri mpaka lini?

Kuku wa mama wa kona amerudi mwenyewe na vifaranga nyuma yake. Mtaa mzima unasema ni wewe.

Shangazi yako



Tanurini, 14 Machi

Binti yangu,

Salaam. Mimi ni yule mwoka mikate ng'ambo ya duka la shangazi yako. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unapitia kwangu ukienda shule, unachukua andazi na kusahau kibeti cha kalamu. Mimi ni mtu wa unga, barua siziwezi, kwa hiyo nisamehe nikikosea.

Nimemuomba shangazi yako tuishi pamoja. Mara ya kwanza alimwaga pini. Mara ya pili alitazama dari akaniambia habari za kitambaa. Mimi si kijana. Mtu wa umri wangu akijibiwa kwa kitambaa, ameelewa.

Kaka yangu anafungua tanuri kubwa katika mji mwingine na ananiita. Nimemwambia nitakwenda mwisho wa mwezi huu. Nikibaki hapa nitakuwa nafungua dirisha kila alfajiri naiona taa ya dukani kwake, na mikate nitaiunguza.

Sikuandiki uniombee. Nauliza jambo moja tu. Wewe ndiye unamjua. Je, kuna mahali nilimkosea? Kama lipo kosa nataka nimwombe radhi kabla sijaondoka, nisimwachie kinyongo mtu mwema. Tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia.

Mwoka mikate wenu



Mlimani, 21 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea leo mchana, na naandika dereva wa gari la mizigo akiwa ananingoja na injini inawaka.

Hukumkosea. Kuna maneno yalishuka kutoka huku mlimani yakaeleweka vingine. Siwezi kuyaeleza bila kutoa siri ya mtu, kama ambavyo yako sitaitoa. Ninaloweza kukuambia ni hili: uliza tena. Usitume mkate ukusemee. Nenda mwenyewe, useme kwa mdomo, na usitoke mle dukani mpaka ameacha kutazama dari.

Nakuomba. Mkate nitalipia.

Macho Juu



Mlimani, 21 Machi

Shangazi!

Shikamoo, na shikamoo tena, maana nataka kukugombeza.

Nimejaribu kukupigia simu. Nilisema "mteja", ukasikia "meta", ukaniuliza nataka meta ngapi. Basi nakuandikia.

Mteja wako ana pini. Mteja wako ana futi, anapima watu makoti, ana meza ya kukatia vitambaa na anamjua dada wa kaunta. Mtaa mzima una fundi mmoja tu wa makoti, Shangazi. Mimi ni mtu wa kugundua vitu visivyoonekana kwa macho, ulidhani hiki kitanipita?

Ile kanuni ni ya sayari! Bwana Hapana alikuwa anazungumzia sayari! Sayari ikipita leo itarudi tu, itake isitake. Nyota yake imeishika, haina pengine pa kwenda. Ndiyo maana sisi tunaweza kukaa na kusubiri huku tunakunywa chai. Mtu si sayari. Mtu ana miguu. Akipita mara mbili akaona mlango haufunguki, anashika njia, na hakuna hesabu duniani inayoweza kukuambia kama atarudi.

Uliandika kwamba maisha yalimpitisha mteja njia nyingine kwa sababu alikuwa na mtoto wa kulea. Mtoto mwenyewe ndiye huyu anayekuandikia. Ameshalelewa, Shangazi. Umemaliza. Amekua, analipwa mshahara, anagombana na watu wazima juu ya birika. Hakuna tena anayekungoja umfunge kamba za viatu.

Unaogopa kuchekwa. Acha wacheke! Vuka barabara. Barua hii ikikukuta umeshika mkasi, uweke chini uende.

Hapa mawingu yamefunga tangu juzi, na zamu ya tatu inakaribia. Roho yangu iko mkononi. Niombee anga, mimi nakuombea miguu.

Macho Juu wako



Dukani, 31 Machi

Mwanangu wee,

Kama umesimama, kaa.

Barua yako ilifika nikiwa juu ya kiti natundika pazia la mtu. Niliisoma huko huko juu ya kiti. Nilipofika pale pa kamba za viatu nikashuka. Sikulia, usianze kusema nililia. Nikatoka nje na futi shingoni, mguu mmoja una kiatu na mwingine una ndala, kwa sababu akili ilikuwa imetangulia.

Na yeye, mwanangu, alikuwa anatoka kwake! Kavaa koti lile nililomshonea, unga umejaa kwenye nyusi. Tukakutana katikati ya barabara.

"Nilikuwa nakuja kwako," akasema.

"Na mimi nilikuwa nakuja kwako."

"Kuna nini?"

"Sema wewe kwanza."

Lori la unga likaja likasimama nyuma yetu, likapiga honi. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Wazee wangu, mnavuka au mnahamia hapo?"

Bwana Tanuri hata hakugeuka. Akakohoa, akaweka mikono nyuma kama mtoto anayeimbishwa shuleni. "Nauliza kwa mara ya tatu..."

"Usihesabu," nikamwambia. "Ndiyo."

"Sijamaliza swali."

"Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Toka barabarani tutagongwa!"

Kinyozi alikuwa mlangoni kwake na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, wote wawili wakashangilia kama goli limeingia. Mama wa kona akapiga kigelegele, na hata kilichotokea alikuwa hajakijua. Watu wamecheka, mwanangu. Wamecheka sana, na mimi nikacheka kuliko wote, mpaka nikashika lori la watu nisianguke.

Baadaye ndipo nikajua lile lori lilikuwa linakwenda kwake. Alikuwa ameagiza unga wa mwezi mzima, kabla hata hajaniuliza! Nikamwambia, "Na ningekataa je?" Akasema, "Ningekula mikate mpaka nipasuke." Anasema alikuwa na safari fulani ameiahirisha. Nimemuuliza safari gani, anatazama dari.

Haya, niambie ya kwako. Imerudi?

Shangazi yako



Mlimani, 8 Aprili

Shangazi, bibi harusi,

Shikamoo! Imerudi! Imerudi! Imerudi!

Barua yako dereva alinipa nikiwa uani, nikaisoma kwa sauti, na mafundi wa darubini wakaacha kazi wakasikiliza. Walitaka nirudie pale pa lori.

Yetu ilikuwaje? Mawingu yalikaa juu ya mlima kama mgeni asiyejua kuaga. Siku ile yenyewe nilikuwa nimekata tamaa, nikaenda zangu kulala. Lakini upepo ukaja ukafagia, darubini ikafumbua jicho, na asubuhi tulipofungua kompyuta mstari ulikuwepo. Unashuka, unakaa, unapanda. Kina kilekile.

Nikamwita Bwana Hapana. Akaja na kikombe chake. Akatazama. Akavuta kiti. Akatazama tena, akahesabu mwenyewe kwa penseli, kwa sababu haamini kompyuta. Ofisi nzima tumesimama nyuma yake, mpishi pia, na trei mkononi. Akavua miwani akasema, "Mm."

Tukasubiri.

"Ndiyo," akasema.

Trei ya mpishi ilianguka na vikombe vyote, na hakuna aliyejali. Bwana Hapana akanishika mkono na hakuuachia, akawa anautikisatikisa tu huku midomo inamcheza. Ni miaka yote amefanya kazi ya kukataa, Shangazi. Kumbe alikuwa anatamani, kuliko sisi sote, apate kitu kimoja kinachomshinda kukataa.

Ni dunia kubwa kuliko yetu, na iko karibu na jua lake, kwa hiyo mwaka wake haufiki hata miezi miwili. Kwa kalenda ya huko wewe ni bibi harusi wa miaka zaidi ya mia nne. Nani atathubutu kukucheka?

Nakuja harusini. Nitasimama ubavuni kwako tangu asubuhi. Bwana Hapana anaomba kuja nami. Hajachukua likizo tangu nimjue, na anataka apimwe koti, aache kuvaa sweta mbili.

Macho Juu wako



Nyumbani, 20 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Umefika salama? Nyumba imekuwa kimya tangu muondoke. Koti la Bwana Hapana nitalimalizia wiki hii. Mwambie mabega yake hayalingani, ila mimi nimeyalinganisha.

Watu bado wanaizungumzia ile alasiri ya harusi, ulipoweka kidarubini chako mtaani ukalimwaga jua juu ya kitambaa cheupe. Nimeshona miaka yote hii, sikujua kitambaa kinaweza kubeba jua. Muuza viatu alikuja na mapacha wake, mmoja kila bega. Na mume wangu alipoona yale madoa meusi kwenye jua akauliza, "Limeungua?" Nilifurahi ulivyomjibu taratibu, bila kumcheka, ukamweleza mpaka akaelewa, kisha akageuka kuwaeleza wengine kana kwamba alizaliwa anajua. Nilikutazama nikasema moyoni, mtoto huyu nimemlea mimi. Maneno hayo nilikuwa sijawahi kujiambia.

Uliniuliza maisha mapya yakoje. Anaamka kabla ya jogoo, anakwenda tanurini, mimi nabaki na kitanda kizima na sijui nikifanyie nini. Ananiachia chai kwenye chupa. Anakoroma kidogo, kama cherehani inayotaka mafuta. Nimeshazoea.

Lakini ngoja nikuambie la jana. Jioni nilikuwa chumbani nashona kifungo. Nikasikia nje ya mlango, kwa sauti ndogo kabisa:

"Hodi."

"Nani?" nikauliza, na najua.

"Mimi."

"Wewe nani?"

Nikasikia anasafisha koo. "Mumeo."

Nikaweka sindano chini. Mwanangu, nimeishi maisha yangu yote katika nyumba ambayo hakuna mtu mzima aliyeingia jioni akasema amerudi.

"Pita," nikamwambia. "Na kuanzia leo usinipigie hodi, hapa ni kwako."

Akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu vyake kimoja kimoja, polepole, kama mtu aliyetoka safari ndefu. Nikasogea nikampa nafasi.

Shangazi yako